Kupe na Kibao cha Namba Tisa

Mdogo wangu wanamwita Kupe. Jina walimpa mabeki wenyewe, kwa jinsi anavyowang'ang'ania. Tangu ujana wake kazi ni hiyo moja, kufunga mabao. Mimi dada yake ndiye niliyemlea mama alipofariki, ndiye niliyemshonea soksi za mpira, kwa hiyo habari za Kupe msinisimulie.

Msimu ule goti lilimsumbua, mabao yakakauka. Kocha akamwambia kavukavu: mechi ya mwisho usipofunga, mkataba hatuongezi. Siku hiyo alikaa sebuleni analichua goti, chakula kinapoa.

"Kula bwana," nikamwambia. "Kocha hajakukataza kula."

Akacheka kidogo, akala.

Uwanjani nilikaa jukwaa la nyuma ya benchi letu. Kipindi cha pili kikayoyoma, bado bila kwa bila, na Kupe hajagusa mpira wa maana. Jamaa mmoja akapayuka, "Mtoeni huyo mzee!"

Nikamgeukia. "Mzee ni baba yako!"

Akarudi kukaa. Lakini nami jicho lilikuwa kwenye saa.

Mara mwamuzi wa akiba akainua kibao: namba tisa, kwa taa nyekundu. Ndiyo ya Kupe. Jamani, nikasimama wima! Wa kuingia badala yake alishasimama mstarini, na watu wakaanza kumpigia Kupe makofi ya kumuaga.

Sasa, mchezaji hatoki mpaka mpira usimame, na mpira ulikuwa bado unachezwa. Kupe alilijua hilo. Beki aliyemkaba naye alilijua, ila alipokiona kibao alishusha pumzi, akamwachia. Eti hata mkono wa kwaheri akampa! Kupe akaupokea kwa adabu, akapiga hatua mbili tatu kuelekea benchi, anachechemea. Hapo winga wetu akamimina krosi. Weee! Mchechemeaji akageuka, akachomoka, akaupiga kichwa. Kipa akabaki anautazama wavuni.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilimkumbatia hata yule mpayukaji, na machozi yananitoka bila aibu.

Kupe akaja mpaka mstarini, anahema, akamtazama kocha. "Haya, nitoke?"

Kocha alikuwa ameshashusha kile kibao kwa mkono wake mwenyewe.

"Utoke uende wapi? Rudi ucheze! Na kesho uje ofisini kusaini."