Nyayo Safi Kupita Kiasi

Jumanne, saa tisa na robo alasiri. Nilikuwa msichana wa kidato cha pili, shule zimefungwa kwa ajili ya uchaguzi. Nilikaa mlangoni kwetu Mamboleo nikimtazama kaka yangu Ochieng' akikanyaga udongo wa matofali uani. Mimi ni mtu wa haya, siwezi kutazama watu usoni, kwa hivyo huwajua kwa miguu. Ya Ochieng' ilikuwa mipana, vidole vimeachana, na ilikuwa na akili. Anakanyaga, ghafla anasimama, anainama, anatoa kijiwe kama punje ya mtama.

"Hiki kingepasua tofali," akasema. "Jicho halikioni. Unyayo unakiona."

"Basi uuvalishe miwani."

Akacheka.

Ndipo redio ya jirani ikatangaza matokeo. Kelele zikapanda kutoka njia panda, kisha moshi mweusi wa matairi. Dani, bibi yetu, alikuwa huko akiuza omena, dagaa wa ziwani. Ochieng' akaruka ua bila viatu.

Alirudi amembeba Dani mgongoni. Alikuwa amepita juu ya matairi yaliyoungua. Nyayo zake zilikuwa nyeusi tititi.

Baba Nelly, jirani yetu, akaita kupitia ua. "Ochieng' amerudi? Askari wanaingia nyumba kwa nyumba wakiangalia nyayo. Mwenye masizi ndiye aliyechoma."

Nikajiuliza. Kwa nini aanze na kuuliza kama amerudi?

Dani akaagiza mafuta ya taa. "Sugua, nyathina. Sugua, mtoto wangu." Tulisugua kwa mafuta, kwa sabuni, kwa gunzi la mahindi, mpaka nyayo za mkanyaga udongo zikawa kama za mtoto mchanga.

Lango likasukumwa.

Askari wawili waliingia, likarudi nyuma yao. Kwenye nafasi iliyo chini ya lango niliona miguu ya mtu wa tatu aliyebaki nje. Alivaa akala, viatu vya mpira wa tairi, ukanda wa kushoto umefungwa kwa waya. Baba Nelly alikuwa na za namna hiyo. Wengine pia walikuwa nazo.

"Kazi yako?" askari mmoja akamuuliza Ochieng'.

"Matofali, afande."

"Inua mguu." Akainama, akanusa. "Mamboleo nzima ni vumbi, wewe una miguu ya bwana harusi? Na inanuka mafuta ya taa!"

"Alinibeba mimi!" Dani akalia. "Ulizeni mtu yeyote!"

Wakamlaza kifudifudi.

Walipiga nyayo tu.

Nilitazama zile akala. Hazikusogea.

Leo Ochieng' anatembea, na wanaotuambia tushukuru hawajakosea. Kuna majirani waliozika. Bado anakanyaga udongo. Lakini nyayo zake hazihisi kitu, na matofali yetu yalikuwa yakipasuka tanuruni. Kwa hivyo nikitoka shule mimi huvua viatu, naingia kwenye udongo baada yake, natafuta polepole alichopita bila kukijua. Vingine hunipita mimi pia.

Asubuhi iliyofuata kipigo kile, hakukuwa na gari barabarani. Baba Nelly alikuja na mkokoteni.

"Tumpeleke hospitali, mama," akaniambia.

Nikatazama miguu yake. Alikuwa amevaa gambuti, na mvua haikuwa imenyesha wiki nzima.

Nikainua macho, nikamtazama usoni. Yeye ndiye aliyetazama chini.

Ochieng' alikuwa akiugua mlangoni, na mkokoteni wenye mtu mzima sikuuweza peke yangu. Nikashika mpini wa kushoto, Baba Nelly wa kulia, tukaenda.