Riwaya Hazina Mtoto Mgongoni

Evarista huuza sweta za mitumba Mlandege, mjini Iringa. Kwa wateja ni mpole. Ukikosa saizi kwake atakupeleka mwenyewe kwa jirani. Ila usimletee habari ya zile riwaya zinazouzwa kwenye makundi ya WhatsApp, sehemu moja moja, za mke anayemtoroka mume muuaji.

"Nimezisoma zote," husema. "Ni moja tu. Wanabadilisha jina la mume."

Mume ni tajiri, ananukia vizuri, ana ghorofa. Mke anakata nywele, anajipa jina jipya, anaondoka usiku wa mvua. Mji anaofikia hakuna anayemjua. Anatokea mpelelezi mwenye sura nzuri, mume anaanguka kutoka ghorofani, hadithi imekwisha.

"Mtoto yuko wapi?" Evarista huuliza, sauti ikipanda mpaka wauza viatu wanageuka. "Miaka yote ya ndoa hana hata mtoto? Hana baba? Hana mshenga?"

Yeye alikuwa nao wote. Mumewe, Rabson, alikuwa dereva wa lori la magogo huko Mgololo, na hakunukia kitu ila dizeli. Badala ya ghorofa alikuwa na mkanda, na jioni moja alikuwa na kisu cha jikoni, akamwekea mkewe shingoni kwa sababu ugali ulikuwa umepoa. Kabla ya hapo Evarista alishakimbilia mara mbili kwa baba yake, Mzee Sosthenes, mzee wa kanisa hapo Mlandege. Mara mbili baba alimrudisha. "Ndoa inataka uvumilivu, mwanangu." Mara ya pili alimrudisha na kuku, wa kumwombea msamaha kwa mume.

Baada ya kisu, Evarista aliamua kufuata riwaya. Angekwenda Mbeya, ambako hakujulikana. Jirani yake, Mwamvita, alimwazima baibui na nikabu. Rabson alipoondoka kwenda kazini na lori, naye akatoka, akapanda gari la asubuhi mpaka Nyololo, akasimama kando ya barabara kuu kungoja basi la Mbeya. Alikuwa amejifunika mpaka macho. Lusia, binti yake, alikuwa mgongoni, uso wazi, anakula biskuti na kupungia kila mtu kama diwani.

"Kamwene, Mama Lusia! Umesilimu lini, jamani, hata hujatuambia?"

Alikuwa Bertha, waliyeimba naye kwaya Mgololo, siku hizi ana mgahawa hapo Nyololo.

"Umenifananisha, mama," Evarista alisema ndani ya nikabu.

"Na huyu Lusia nimemfananisha?" Lusia alishamnyooshea mikono.

Bertha hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalomchoma Evarista mpaka leo. Alimpokea mtoto, akamkalisha mama yake mezani, akaleta chai na chapati. Kisha akaenda nyuma ya jiko kupiga simu. "Baba Lusia, usihangaike. Nimewapata, wazima kabisa." Aliona ametenda wema. Ndivyo huku mke aliyetoka nyumbani anavyorudishwa, kama ng'ombe aliyeingia shamba la watu, na aliyemrudisha hungoja kushukuriwa.

Rabson alishapata habari kwamba wameondoka na alikuwa njiani tayari, ameliacha lori na kukodi pikapu. Hakuja peke yake. Mume akimfuata mke, huenda na mshenga aliyemposea. Kwa hiyo alikuwa na Mzee Kalinga.

"Mke wangu, hii sinema gani?" Rabson alicheka, watu wakacheka naye. "Panda gari twende."

"Twende, mwanangu," alisema Mzee Kalinga. "Mambo ya nyumbani huzungumzwa nyumbani."

Hapa ndipo mpelelezi angetokea. Waliokuwapo ni wauza viazi, makondakta wawili na Bertha. Evarista alisimama, akavua nikabu. Chini ya kidevu alama ya kisu ilikuwa bado mbichi. Bertha aliacha kutabasamu, akamkumbatia Lusia kwa nguvu.

"Mzee Kalinga, nani alikwenda kwa baba kuniposa?"

"Ni mimi, mwanangu."

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba Rabson ni kijana mtulivu."

"Na Esta wa Mbeya, aliyeishi naye kabla yangu, nani alimvunja mkono?"

Mzee alitazama viatu vyake.

"Ulijua!"

"Mshenga hapeleki mabaya, mwanangu. Anatumwa kusifia."

"Basi hujamaliza kazi. Wewe ndiye uliyenitoa kwa baba yangu, wewe ndiye utakayenirudisha. Leo. Na mbele yake useme ulichokificha."

Mshenga anaweza kukwepa mengi, lakini akikataa mbele ya watu kumfikisha kwa wazazi mwanamke aliyemposa kwa mdomo wake, hakuna nyumba itakayomtuma tena. Mzee Kalinga alilijua hilo. Rabson pia alilijua, akamkamata Evarista mkono.

"Mwachie!" Muuza viazi mmoja alibwaga ndoo yake chini. "Shingo tumeiona!"

Wenzake wakasogea. Rabson akaachia, akitukana. Mzee Kalinga akabeba begi, na Evarista akamfunga mtoto mgongoni. Wakavuka barabara kungoja basi la Iringa.

Sebuleni kwa baba, Mlandege, Mzee Kalinga alianza na habari za mvua, akaenda kwenye bei ya mbolea.

"Sema," Evarista alimkatiza.

Akasema. Mkono wa Esta, na kwamba aliyajua hayo kabla ya posa. Mzee Sosthenes alisikiliza, kikombe mkononi, chai ikipoa.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili, baba. Ulikuwa unangoja mwanaume aje akuambie."

Akaendelea, bila kupunguza sauti: "Kesho tunakwenda polisi, dawati la jinsia. Mzee Kalinga atarudia hayohayo."

"Kesho mimi nina safari," alisema Mzee Kalinga.

"Huna," alisema baba.

Kisha Mzee Sosthenes aliinuka, akaenda kutoa magunia ya mahindi kwenye chumba cha nyuma, ili binti yake apate pa kulala. Yalikuwa mazito, na mgongo humsumbua. Evarista alikaa akimnyonyesha Lusia, akimwangalia akiyaburuta moja moja, wala hakunyanyuka kumsaidia.