Ng'ombe Hawahesabiwi

Nilipoaga Mombasa kwenda Tanzania kusomea kazi ya kuongoza watalii, mjomba wangu alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mtoto wa Kimvita aende bara kufundishwa kusema na watu? Utarudi kabla viatu hivyo havijaisha soli!" Sikukasirika, kwa kuwa hata mimi niliamini vivyo hivyo. Kiswahili ni chetu, wengine wameazima. Ndivyo nilivyoingia Karatu, kidomo mbele, kwenye vumbi jekundu na baridi ambayo hakuna aliyenionya.

Chuoni kulikuwa na mtihani wa vitendo: umpeleke mgeni kwenye boma la Wamasai, umkalishe na mwenyeji, wazungumze wewe ukiwa katikati. Mara ya kwanza nilianguka vibaya. Nilitoa shikamoo yangu kwa mahadhi, nikamuuliza mama mwenye boma, kwa Kiswahili cha kupendeza, ana ng'ombe wangapi. Alinitazama, akasimama, akaenda kuchota maji hali ndoo zake zilikuwa zimejaa. Hakurudi. Kuuliza si ujinga, tulifundishwa tangu madrasa, lakini hakuna aliyetuambia kwamba inategemea unauliza nini.

Nilibakiwa na nafasi moja. Nikianguka tena, sina cheti, na kicheko cha mjomba kinanisubiri Mombasa.

Chumbani kwangu bwenini nilikaa na binti wa Kimasai kutoka Oloipiri, mrefu, mwenye maringo kunishinda, na hilo si jambo dogo. Alikitaka Kiswahili changu cha Pwani, maana chake, alisema, kilikuwa cha darasani, kimekakamaa. Nami nilikitaka Kimasai chake. Basi jioni baada ya chakula tukawa tunabadilishana. Nilimfundisha kubembeleza, kusuta na kukataa bila kusema hapana. Alivipokea vyote akavitumia dhidi yangu. Siku niliyokaanga samaki alitoka nje na shuka lake, akakataa kuingia mpaka harufu iishe.

"Mnakula nyoka wa maji," alisema, "halafu mnatuona sisi washamba."

Mimi nami nilishangazwa na watoto wa Kimasai njiani, walivyokuwa wakinisogelea na kuinamisha vichwa. Nilidhani wana haya. Nikawa nawaambia, inueni vichwa, wanangu. Mwenzangu aliposikia alilala kitandani kwa kucheka.

"Wanakusalimia, wewe! Inatakiwa uwaguse kichwani. Sasa umewaacha wameinama tu, kama mbuzi kwenye maji!"

Lakini nilipomsimulia kisa cha yule mama wa ndoo, hakucheka.

"Ulimuuliza idadi? Ng'ombe hawahesabiwi, dada. Ukiwahesabu unawaitia balaa."

"Sasa mmoja akipotea mtajuaje?"

"Mama yako akiingia ndani jioni, anahesabu watoto? Si anaona tu nani hayupo?"

Mama yangu hakutuhesabu hata siku moja, na hakuna aliyewahi kuchelewa nyumbani asijue.

Siku ya mtihani wa pili gari la chuo lilipita getini Ngorongoro na ukungu ukiwa bado umelala juu ya kreta. Nyuma alikaa mkufunzi na faili lake, pembeni yake mgeni kutoka Ulaya, bwana mpole mwenye maswali mengi. Mkufunzi alikuwa ameshasema: swali la mgeni halikwepwi.

Mwenyeji wetu alikuwa bibi mwenye shanga mpaka mabegani. Sikutoa shikamoo. Niliinamisha kichwa, mtandio na vyote, nikasubiri. Aliponigusa akasema, "Takwenya," nami nikaitika, "Iko." Akaniuliza habari za nyumbani, za mvua, za mama yangu, nami sikuharakisha hata moja. Kisha mgeni akakohoa, akasema kwa Kiingereza, "Muulize ana ng'ombe wangapi."

Wallahi, swali lile lile! Mkufunzi alishika kalamu. Bibi alinitazama mdomoni.

"Koko," nikamwambia, yaani bibi, "mgeni wangu anataka kuwajua ng'ombe wako. Wakirudi jioni, ni yupi asipoonekana moyo wako unashtuka?"

Bibi akapiga makofi.

"Eee! Iko moja ya pembe kombo! Hiyo isipofika, mimi sili. Na ile nyeupe ya mgongo, mwizi sana, inaingia kwa mahindi ya watu. Na binti yake, tabia ile ile!"

Aliwataja mmoja baada ya mwingine, kwa rangi, kwa pembe, kwa ukorofi wa mama zao, nami nikawa namfasiria mgeni huku nikikimbizana na maneno. Nikamweleza pia kwa nini sikuuliza alivyouliza, nikimpa mfano wa mama na watoto wake. Yule bwana alisahau kabisa idadi, akataka kumwona huyo mwizi. Mkufunzi aliweka kalamu chini, akawa anacheka na bibi kama sisi sote.

Wakati wa kuaga, bibi alinishika kichwa akanitemea mate kidogo, fyu, fyu. Kwetu mate ni ugomvi, watu huitwa kuamua. Lakini mwenzangu alishanifundisha kwamba hiyo ndiyo baraka yenyewe. Niliinama zaidi ili yasinipite, na nilikuwa na furaha ya kupiga vigelegele.

Jioni nilimpigia mjomba kumwambia nimefaulu. Safari hii hakucheka, ila alijaribu kunichokoza.

"Haya, mwanachuo. Na huko bara umepata marafiki wangapi?"

"Hawahesabiwi, mjomba," nikamjibu.