Mihogo ya Usiku Mmoja

Nadège, mtoto wa miaka minne, alizikwa Jumatatu mchana hapa Fizi. Kutoka makaburini watu walikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Renilde, mkimbizi wa Burundi, kwa sababu Jumapili jioni ndiye aliyemnywesha mtoto uji.

"Muntu akikulisha sumu, unatapika na unakufa," alisema Fabien, mjomba wa marehemu. "Mutoto alitapika, akakufa. Munatafuta nini tena? Atoke leo!"

Renilde alikuwa anakunja mkeka wake.

Anastasie alisimama nyuma yao. Kwa miaka ishirini amewalowekea majirani mihogo michungu kijitoni, siku tatu kamili, mpaka sumu yake iishe. Maneno ya Fabien hayakumtulia moyoni. Sumu hutapisha, kweli. Lakini ni uji tu uliopita kinywani mwa mtoto? Akamgeukia mama wa marehemu.

"Dorothée mwanangu, nani mwingine aliumwa?"

"Willy, kaka yake. Alitapika usiku muzima."

"Alikunywa uji?"

"Hapana. Alikuta umeisha, akakula bugali na mudogo wake."

"Na maji?"

"Maji tulikunywa wote. Mimi sikuumwa. Bugali ndiyo sikukula, nilikuwa nafunga."

"Mama Anastasie, umekuwa polisi sasa?" Fabien alimcheka.

Anastasie alipiga hesabu moyoni. Si uji, si maji. Imebaki bugali, ugali wa mihogo ya Dorothée aliyoiloweka yeye mwenyewe. Jumatano mvua kubwa ilinyesha. Kwa kuogopa kijito kisibebe mihogo, aliitoa baada ya usiku mmoja, akaianika, akawarudishia wenyewe bila kusema neno.

Angeweza kunyamaza. Renilde alikuwa ameshajitwika mkeka.

"Renilde, rudi ndani," alisema. "Mihogo ya ile bugali niliitoa mimi mbele ya siku yake. Ililala mu maji usiku moja tu."

Dorothée alimgeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikawaza mvua peke yake. Ya mutoto sikuiwaza."

Kosa la Anastasie na la Fabien ni moja: kila mmoja alishika wazo la kwanza lililomjia, akayafungia mengine mlango. Tofauti ni kwamba mmoja alikubali kujihesabu kati ya wenye kosa.

"Na ya nani tena uliitoa siku ile?" Dorothée aliuliza.

Anastasie alitaja nyumba tatu. Wakaondoka mbio, wanawake hao wawili, kuwaonya wenyewe wasiile mihogo hiyo.