Breka Iliyofungwa Blada

Mzee mwenye stoo ya viazi alinipigia simu saa nne asubuhi kunishtakia breka.

"Madam fundi, hii kitu ni mwoga. Ikisikia chaja ya foklifti tu, inaanguka. Niletee ingine iko na roho."

Breka ni kile kiswichi cha ukutani kinachojikata chenyewe umeme unapozidi. Roho hakina. Lakini sikumkosoa, maana hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu niache kuajiriwa na kuandika "Fundi wa Stima" kwenye mlango wangu pale Bondeni. Mzee alikuwa akinunua viazi Molo yote, tena ana mdomo. Akinisifu, nimepata kazi hadi Keringet. Akinitukana, habari zingefika Keringet kabla yangu.

Nilipofika nilikuta kijiti cha breka kimevutwa juu na kukazwa fundo tatu kwa blada, ule ukanda wa mpira wa tairi ambao kwetu ni dawa ya kila kitu, kuanzia mzigo wa pikipiki hadi mlango usiokubali komeo.

"Sasa haiwezi kuanguka," mzee akasema. "Lakini stima hakuna. Nimepigia wale watu wa stima nikawagombeza."

Nilicheka, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza siku hiyo. Nikamweleza kwamba breka hujikata kwa ndani. Kushikilia kijiti chake ni sawa na kumshika mkono mtu aliyekwisha kulala.

"Basi haikukazwa vizuri," akasema.

Kando yake alisimama shemeji yake, dereva wa foklifti, lile gari la betri la kunyanyulia magunia, na mtu wa kujua kila kitu. Mfukoni mwa koti alikuwa na breka ya ampea sitini na tatu. "Weka kubwa, boss wangu, tumalize hii story," akaniambia.

Sasa mtu aliyezoea lumbesa, lile gunia la viazi linalojazwa hadi mdomoni kisha likashonewa neti ili lijazwe tena, utamweleza nini kuhusu kipimo? Nikajaribu. Nikamwambia waya ulio ukutani ndio gunia, na breka ndiye mtu anayesema basi, limejaa. Tukiweka sitini na tatu, hakuna wa kusema basi, na waya utaungua hapo ukutani.

"Gunia haipasukangi," mzee akanijibu kwa upole. "Unaongeza neti."

Kwa upande wa magunia alikuwa sahihi kabisa.

Nikakimbilia namba. Kibao cha chaja kilisema inakula ampea ishirini na tano, na breka iliyokuwapo ilikuwa ya ishirini, ingeachaje kuanguka? Chaja hukaa kazini saa nyingi mfululizo, kwa hiyo unaiongezea robo: thelathini na moja na ushee. Waya ulikuwa wa milimita sita, unabeba hizo bila kutoa jasho. Nikachagua breka ya thelathini na mbili. Nikaifunga kwa madaha, huku nikiwahubiria kina mama wanaochambua viazi kwamba fundi wa kweli husoma kibao. Mzee akawasha chaja.

Ta! Breka ikaanguka hata sijashuka ngazi.

Kina mama walicheka hadi mmoja akaketi juu ya viazi. Shemeji akaitoa ile sitini na tatu, akaipangusa kwa koti. Nakiri mkono uliniwasha. Ningeiweka ile, ningesifiwa papo hapo.

Nikaikodolea macho breka yangu, na ndipo nikaona herufi iliyoandikwa mbele ya thelathini na mbili: B. Hiyo ni ya taa na soketi za nyumbani. Chaja kubwa ikiwashwa hushtuka, huvuta umeme mwingi kufumba na kufumbua kisha hutulia, na B haina subira ya mshtuko huo. Nilihitaji D, ya ukubwa uleule. Nilikuwa nimesoma kibao cha chaja, cha breka yangu mwenyewe kikanipita. Mganga hajigangi.

Nikaomba saa moja, nikaenda mjini na aibu yangu, nikarudi na D. Chaja ikanguruma. Breka ikatulia.

"Namba ni ileile?" mzee akauliza.

"Ileile."

"Basi hii umeichanja dawa ya woga."

Wiki ya tatu akapiga tena. "Madam, hata hii yako ni mwoga. Shemeji anakuja kuweka yake."

Nilifika roho mkononi. Breka ilikuwa imefungwa blada, safari hii fundo tano, na ilikuwa imejikata dakika hiyohiyo. Nikaufuata waya hadi mwisho, nikakuta chaja mbili. Foklifti ya pili ilikuwa imenunuliwa, na shemeji alikuwa ameiunganisha chaja yake kwenye waya uleule. Ampea hamsini katika gunia la thelathini na mbili. Lumbesa.

Hasira zilinijaa, lakini nilimwomba tu mzee aweke kiganja kwenye bomba la ukutani lenye waya. Akakiondoa haraka. Neti za viazi zilikuwa zimelala kwenye bomba hilo, na chini yake kina mama walikuwa wakichambua kama kawaida.

"Ingekuwa ile ya shemeji?" akauliza.

"Ingenyamaza."

"Mpaka lini?"

Niliwatazama kina mama, naye akawatazama.

"Na tuliifunga fundo tano," akasema polepole. "Bado ikakataa." Akachomoa kisu, akaikata blada. "Kesho twende na wewe Keringet. Niko na stoo ingine huko."

Furaha ilinipanda. Nikajitia utulivu, nikamuuliza kama breka za huko ziko sawa.

"Ziko sawa kabisa," akasema. "Zote tatu tumezifunga vizuri."