Dirisha la Mama Kavira

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa kioo hata kimoja. Chefu, yaani mkubwa wa karakana yetu ya madirisha, mtu wa Butembo mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, alinipeleka kwenye nyumba moja ya mtaa wa Himbi na kunisimamisha mbele ya dirisha la chuma. Nikasifu rangi yake. Alicheka mpaka akakohoa.

"Weye unaona rangi tu! Fungula kwanza!"

Nikavuta, halikusogea. Basi nikaanza kujifunza. Hapa Goma moshi wa volkano hushuka na mvua, nayo hula chuma. Kama mastiki, ule udongo laini unaoshikilia kioo, imepasuka, badilisha mastiki tu. Lakini batani, yaani sehemu inayofunguka, ikigoma kabisa, dirisha hilo limekwisha. Usilihurumie.

Wakimbizi kutoka nchi jirani walipofurika mjini, nilihamia kwenye shirika moja la misaada, chini ya Mkuu wa Vifaa, bwana mpole aliyependa rangi kupita kiasi. "Papa, paka tena, itatosha," alikuwa akiniambia kila nikimwonyesha kutu. Nami nikapaka. Miaka ikapita, nikawa fundi wa kuficha kutu, na jina langu likavuma mjini. Mazoea yana tabu.

Kisha vita ikaja. Mjini kwetu hakuna aliyeweka dirisha jipya wakati bunduki zinalia. Aliyevunjikiwa kioo alipigilia shitingi, yale maturubai ya plastiki ya wakimbizi, akangoja. Hata mimi nilihubiri hivyo, tena kwa majivuno.

Mama Kavira, mwalimu wa shule ya msingi na mjane, aliishi Katindo, jirani na kambi ya wanajeshi. Dirisha lililokuwa juu ya kitanda cha binti yake wa pekee liliingiza upepo, na mtoto alikuwa akikohoa.

"Papa, tubadilishe sasa ao tungoje?"

"Tungoje, Mama. Vita ikiisha nitakuwekea mupya."

Nikajaza mastiki pande zote, hata kwenye mwanya wa batani, nikapaka rangi juu. Upepo ukakoma. Nilirudi nyumbani nikijipongeza.

Siku tatu baadaye, asubuhi, mabomu yakaanza kuanguka upande wa Katindo. Nililala sakafuni nyumbani kwangu Kituku, madirisha yote wazi. Kila mtu wa Goma anajua hilo: mabomu yakianza, fungua madirisha, mshindo upite bila kuvunja vioo. Hapo ndipo nilipokumbuka kuwa dirisha la Mama Kavira halifunguki. Nilikuwa nimefunga kioo juu ya kichwa cha mtoto kwa mikono yangu mwenyewe. Nikashika rozari, nikasali, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Sijawahi kuogopa vile, hata kwa ajili yangu.

Mizinga iliponyamaza nilikimbia hadi Katindo. Kwenye lile dirisha hakukuwa na kioo. Nikaita kwa sauti.

"Mama Kavira!"

Akatoka jikoni, mikono imejaa unga, binti yake nyuma yake.

"Papa, unalia nini?"

"Kioo..."

"Kioo? Ni mimi njo nilivunja! Ulipotoka tu, nilijaribu kufungula, ikakatala. Nikachukua nyundo." Akacheka. "Ulitufunga sawa na vitu vya ndani ya sanduku! Nikaweka shitingi, na yenyewe imepeperuka na bomu."

Nikakaa chini pale pale uani, nikalia na kucheka kwa pamoja. Binti akaniletea maji, akikohoa kidogo, na kikohozi kile kilikuwa kitamu masikioni mwangu.

Kesho yake, bunduki bado zikilia kwa mbali, nilimwekea dirisha jipya la mbao. Majirani walisema nimeshikwa na wazimu. Mama Kavira alilifungua na kulifunga mara kumi kabla ya kuniruhusu niondoke.

Sasa nimestaafu. Mgongo umechoka, lakini nalala vizuri, na si wazee wote wa kazi yangu wanaolala vizuri. Mafundi vijana huja kuniuliza juu ya madirisha yaliyogoma.

"Muzee, tungoje vita iishe?"

Mimi huwauliza: "Nani analala chini yake leo?"