Ziwa Halina Mteremko

Siku niliyokata risasi ya pampu ya nozeli kwenye boti ya shangazi yangu naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilikuwa asubuhi, Ggaba, ukingoni mwa ziwa, nami nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu niliyeamini kwamba hakuna injini ya dizeli Kampala nzima inayoweza kunificha kitu. Risasi yenyewe ni kitu kidogo, kipande cha madini laini kilichobanwa juu ya waya. Kazi yake ni kumwambia fundi kwamba skrubu iliyo chini yake, ile inayoweka kipimo cha mwisho cha mafuta ambayo injini inaruhusiwa kunywa, imekwisha kupimwa na waliomtangulia. Mimi nikiona kitu kimefungwa situlii. Hata leo mke wangu akifunika sufuria, lazima nifunue nichungulie.

Nakueleza haya kwa sababu jana ulikuja barazani kwangu hapa Makindye na kompyuta yako mapajani, ukanionyesha mistari ya rangi inayopanda na kushuka, ukasema huo ndio mpangilio wa mafuta wa injini ya boti mpya ya abiria, na kwamba unaweza kuubadilisha kwa kidole. Uliniuliza kama uongeze nguvu. Uliona nilivyoinamia kioo cha kompyuta, pengine ukadhani mzee amesinzia au hakuelewa. Nilielewa. Nilikuwa natazama ile mistari kwa tamaa, nikijiuliza ingekuwaje kama ningekuwa nayo zamani zile. Mimi nilihitaji koleo, bisibisi na ujinga. Wewe koleo na bisibisi umesamehewa.

Ukoo wetu unaujua. Babu wa babu yangu aliletwa huku na jeshi la wakoloni kutoka Sudani, na watoto wake walipoweka bunduki chini wakashika usukani. Baba aliendesha malori, mimi nikashika spana katika karakana ya Old Kampala, nyuma ya maduka ya zamani ya Wahindi. Malori yaliyofika kwetu yalikuwa yamechoka, yamebeba mizigo ya Kongo na ya Kenya, na ugonjwa wao wote ulikuwa mmoja: vilima. Kampala ni mji wa vilima, na lori lisilopanda ni ghala lenye magurudumu. Basi mimi nikawa maarufu kwa kupandisha. Nilifungua ile skrubu kidogo, lori tukalijaza mawe, tukalipeleka Kibuye, na kutoka pale dereva alipanda Makindye kwa gia moja bila kubadilisha. Likifika juu, kazi imekwisha. Moshi mweusi ukitoka kwa wingi, watu walisema fundi huyu anajua. Nami nilipenda sana kusikia hivyo.

Shangazi Zamzam, dada yake baba, alikuwa na boti ya mbao iliyokwenda visiwani ikibeba abiria, ndizi na masanduku ya barafu ya wachuuzi wa samaki. Ndani yake mlikuwa na injini ya lori ya silinda nne, kama boti nyingi za pale. Mwaka ule boti ikaanza kuzubaa. Boti za wenzake zikitoka nayo pamoja zinaiacha, na wachuuzi, ambao samaki wao hawasubiri, wakaanza kuhamia boti nyingine. Ile boti ilikuwa ndiyo maisha yake, mjane mwenye watoto wanne. Akaja karakanani akasimama mlangoni na mkoba wake.

"Malori ya watu unapandisha," akaniambia. "Boti ya shangazi yako ilikukosea nini?"

Kesho yake alfajiri nilikuwa Ggaba. Sikuchungulia chini ya boti, sikuuliza imeanza lini kuchoka wala kwa nini. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mimi niliona jibu ninalo tayari mfukoni, kwa hiyo swali la nini? Nikakata waya, risasi ikadondoka, nikageuza skrubu mzunguko mmoja na robo.

Pale ukingoni aliketi Mzee Ocaya, Mwacholi mrefu aliyekuwa fundi wa injini katika meli ya mizigo kabla hajastaafu. Alikuwa akikaa Mbuya kwa mwanawe askari, lakini kila siku aliteremka ziwani kusikiliza injini za watu, kama wazee wengine wanavyokwenda kusikiliza redio kwa jirani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini. Alinitazama mpaka nikamaliza, ndipo akauliza.

"Kijana, gari yako ikisha panda Makindye, baadaye inafanya nini?"

Nikamjibu kwamba inateremka.

"Na mguu yako iko wapi wakati inateremka?"

Nikamwambia nimeuondoa kwenye mafuta, lori linajiendea lenyewe.

"Kale," akasema, yaani sawa kwa Kiganda. "Sasa onyesha mimi mteremko ya hii ziwa."

Vijana waliokuwa wakipakia ndizi walicheka, nami nikacheka nao, kwa kuwa nilidhani mzee anatania. Hakuwa anatania. Akanieleza taratibu kwamba boti ni lori linalopanda kilima kisicho na kilele. Propela haipumziki, na injini iliyozoea kupanda dakika kumi kisha kupumua, hapa haipumui. Akasema nguvu yote niliyoongeza ni moto, na akaniuliza moto huo nimeupangia kutokea wapi. Akanishauri tuizungushe boti mbele ya Ggaba kwa mwendo wote, saa nzima, bila abiria, huku mikono ikiwa juu ya injini. Asipofanya hivyo fundi, alisema, watakaofanya jaribio ni abiria.

Saa nzima! Mwanangu, kilima kirefu kuliko vyote Kampala lori halikipandi saa nzima. Maisha yangu yote jaribio lilikuwa dakika kumi, na dakika kumi ndizo nilizompa. Boti ikanyanyua pua, mkia ukazama, wimbi kubwa likasimama nyuma yetu. Nikashangilia lile wimbi. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba chombo kizito cha mbao kina mwendo wake, na ukikisukuma zaidi kinachimba tu shimo majini na kukaa ndani yake. Nguvu nyingi tulizoongeza zilikuwa zinatengeneza wimbi. Mwendo wenyewe uliongezeka kidogo tu.

Nilifanya na jambo la pili, na hili sijalisimulia kwa watu wengi. Bomba la moshi la boti ile lilipita wima karibu na bao alilokalia Shangazi, likiwa limezungushiwa kitambaa kinene cha kuzuia joto. Nilikuwa na hamu ya kuona bomba linakuwaje injini ikifanya kazi kweli, maana kwenye lori limefichwa chini huwezi kuliona. Nikakifungua kile kitambaa. Nilitaka kuona tu.

Tukaondoka na abiria zaidi ya ishirini. Shangazi alikuwa kwenye bao lake, na Mzee Ocaya akapanda bila kualikwa, ameshika kamba ndefu. Nikamtania, nikamuuliza kamba ya nini, tunakwenda kufunga ng'ombe? Akasema tu kwamba amekuja kwa sababu alishanionya na sikusikia.

Robo saa ya kwanza ilikuwa raha. Tuliipita boti iliyokuwa ikituacha kila siku, wachuuzi wakapiga makofi, Shangazi akanitazama kwa fahari ambayo mpaka leo inanichoma. Nikainamia sanduku la injini, penye kivuli, nikaona mzizi wa bomba umeanza kuwa mwekundu. Mwanangu, nikwambie ukweli: nilifurahi. Ulikuwa wekundu mzuri, wa kaa la moto lililopulizwa, na nikawaza kwamba hatimaye naiona nguvu kwa macho yangu. Nikamwita Mzee Ocaya aje aone. Alipoona, akasema neno moja, "Zima." Nikamjibu bado kidogo, nataka kuona utafika wapi.

Haikupita muda. Mlio wa injini ukawa mzito, ukapanda harufu ya chuma na mafuta yaliyoungua, kisha injini ikakwama kwa kishindo kimoja. Ngoma ikivuma sana hupasuka, na tangu siku ile methali hiyo sijawahi kuisikia nikiwa nimetulia. Boti bila mwendo haina usukani. Upepo ulikuwa umeanza, ukatugeuza ubavu, na wimbi la kwanza lilipotupiga wote waliokaa upande mmoja wakateleza. Shangazi akateleza nao. Akanyoosha mkono kushika kitu chochote, akakishika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni lile bomba nililolivua nguo.

Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Alitoa sauti ndogo, halafu akaanza kusoma dua.

Niliganda pale pale. Mzee Ocaya hakuganda. Aliifunga kamba yake kwenye pembe nne za turubai la kufunikia ndizi, na ncha yake puani mwa boti, akalitupa majini, likajaa maji likazama nusu, na kwa uzito wake likaigeuza boti ikatazama mawimbi. Abiria wakachota maji kwa masufuria na viatu. Tulikaa hivyo mpaka ile boti tuliyoipita ikatukuta, ikatuvuta kurudi Ggaba. Hakufa mtu.

Sasa, pale ziwani kulikuwa na desturi, na sijui kama bado ipo. Fundi aliyeua injini haruhusiwi kumwachia mwingine kuifungua. Anaifungua mwenyewe, mchana, mbele ya mwenye chombo, na kila kilichoharibika anakiweka mkononi mwa huyo mwenye chombo na kueleza. Shangazi alipotoka hospitali alikuja na kiganja kimefungwa bendeji, akaketi kwenye kreti la soda. Boti ilikuwa imevutwa mchangani. Kabla sijagusa injini, Mzee Ocaya alinishika bega akanizungusha mpaka nyuma ya boti. Kwenye propela kulikuwa na nyavu kuukuu zimejisokota, na tumbo lote la boti lilikuwa limeota majani marefu. Ndio uliokuwa ugonjwa wake tangu mwanzo. Ulitaka kisu na asubuhi moja ya kukwangua, basi.

Nikafungua injini. Nikatoa pistoni ya tatu, juu imeyeyuka na kutoboka, ubavuni imekwaruzika kote ilikoshikana na silinda. Nikaiweka kwenye mkono mzima wa Shangazi. Akaigeuzageuza, akaingiza kidole kwenye tundu.

"Hiki kitu kilikuwa kinakulalamikia?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo. Moshi mweusi ulikuwa malalamiko, maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Wekundu wa bomba ulikuwa malalamiko. Hata uzito wa mlio.

"Na wewe ulikuwa unasikia nini?"

"Nilikuwa nasikia nguvu, Shangazi."

Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia pistoni, akasema niiweke nisiitupe. Mkono wake ule haukufunga tena vizuri mpaka alipofariki. Hakuweza kufunga kitenge wala kushika bakuli la uji bila msaada, na binti zake walijifunza kumfungia. Boti ilipata injini nyingine baada ya miezi mingi, na muda huo wote niliwapakulia wenzake mizigo, bila spana mkononi, kwa kuwa yeye ndiye aliyetaka hivyo. Alinisamehe siku ile ile, nami ilinichukua miaka kujisamehe. Majuto ni mjukuu, mwanangu, lakini wengine wetu humpata mjukuu huyo mapema na kumlea maisha yote.

Baada ya hapo nilimfuata Mzee Ocaya kila siku ziwani. Alinifundisha mengi, na sikuwahi kumsikia akisema udadisi ni dhambi. Alilalamika kwamba wangu ulikuwa wa kivivu, ulichoka mapema. Nilitaka kuona bomba jekundu lakini sikutaka kuuliza kwa nini limekuwa jekundu. Niliuliza skrubu inageuka kiasi gani, sikuuliza aliyeifunga risasi alikuwa ameona nini.

Basi jibu lako ni hili. Kabla hujagusa mistari yako, ivue boti majini uangalie tumbo lake na propela yake. Huenda haidai nguvu, inadai kuoga. Tafuta aliyeitengeneza ile injini aliipimia kazi gani, ya boti ya starehe inayokimbia dakika chache au ya abiria inayovuta kutwa, kwa maana injini moja huweza kupewa vipimo viwili, na aliyekipunguza kimoja hakuwa bahili. Ukiona bado kuna nafasi, ongeza kidogo, funga kipimo cha joto la moshi, na uamini kile kipimo kuliko sikio lako, hata kama sikio lako ni zuri. Jaribu kwa saa nyingi bila abiria. Maji usiyoyafika hujui kina chake, na joto la saa ya tatu hulijui kwa kukaa dakika kumi. Na wakikuambia acha, hata kama anayesema ni mzee wa Kiswahili kibovu mwenye kamba, acha kwanza, ubishane baadaye.

Halafu siku ya safari, panda wewe mwenyewe. Mkalishe mama yako au mtu unayempenda kwenye bao lililo karibu na injini, uone kama mkono wako bado unataka kuongeza.

Mungu akupe jicho la kutafuta na subira ya kungoja jibu. Akulindie mikono yako, na ya wale watakaojishikiza kwenye kazi yako bila kujua jina lako. Ukimaliza usinipigie simu kuniambia boti imekwenda kasi gani. Nipigie watu wakishashuka.